Mwenye Kofia ya Bluu

9 Februari

Shemeji,

Natumai barua hii imekufikia dukani na si nyumbani. Jina la duka lenu la miwani nimeliandika kwa herufi kubwa makusudi. Simu yako Mama huishika kama yake, na najua jina langu halitamkwi mle ndani tangu tulipomzika dada yako. Basi tuandikiane kizamani.

Sitazunguka. Ile mashine ya gemu ya dada yako iko wapi?

Wewe gemu hukuwahi kuipenda, ulikuwa ukisema mke na mume wazima wanacheza kama watoto, kwa hiyo acha nikueleze. Kuna kisima katikati. Madude ya tope yanatoka kila upande, wimbi baada ya wimbi, kuja kukifukia. Wachezaji wawili, kila mmoja na mashine yake mkononi, hata wakiwa miji tofauti, wanajenga minara ya kurusha mawe na moto, na wenyewe wanakimbia huku na huko na nyundo kuziba palipobomoka. Peke yako huwezi. Wala hakuna kuongea. Kuna kengele ya kuita na mkono wa kupunga, basi. Mtu wa dada yako juu ya kichwa ameandikwa Chiriku, kama nilivyokuwa namwita kwa ule mdomo wake usiopumzika. Wangu amevaa kofia ya bluu, naye akanibatiza Kofia.

Tangu msiba nilikuwa sijaigusa mashine yangu. Jumapili nimekaa chumbani, nguo nimeshafua, redio ya jirani imeniudhi, nikaiwasha ili nione tu ule mchoro wa kisima. Mara kengele ikalia. Nikatazama langoni pa mchezo. Chiriku amesimama.

Shemeji, mimi ni fundi wa mitambo ya baridi. Nashinda na mashine, siamini hovyo. Lakini alipunga mkono, akaenda moja kwa moja kujenga mnara wake wa kwanza kando ya ule mti mkavu, mahali pasipo na faida yoyote, palepale alipokuwa akijenga yeye kwa sababu eti panapendeza. Mashine ilinidondoka. Nilipoiokota alikuwa ameondoka.

Niambie mashine iko kwa nani. Mama usimwambie kitu.

Shemeji yako,
Fundi


17 Februari

Shemeji Fundi,

Barua imefika, na mwenye duka ameanza kunitania kuwa nina mchumba wa siri. Mwache aendelee, ndiyo burudani pekee iliyopo hapa.

Mashine ya Dada iko kwenye sanduku lake, juu ya kabati, chumbani kwake. Betri itakuwa imeshakufa. Hakuna anayeingia mle isipokuwa Mama, na Mama mwenyewe unamjua, gemu kwake ni kelele tu. Sikulifungua hilo sanduku maana hataki liguswe, lakini nililiona kwa macho yangu, liko palepale.

Shemeji, usikasirike. Nadhani umechoka. Unalala kwenye chumba kimoja peke yako, mchana kutwa uko kwenye hayo maghala ya baridi na mingurumo yake, mtu lazima aone vitu. Mimi mwenyewe wiki iliyopita nilimpima mteja macho, akacheka kama yeye nyuma ya kile chombo, nikaitika, "Abee Dada." Mteja wa watu akabaki ananishangaa.

Mama hajambo. Mkimya tu. Alasiri anajifungia chumbani kwa Dada, anasema anapanga nguo. Nguo zenyewe hazijai hata kabati. Namwacha.

Bado ana kinyongo na wewe, sikufichi. Juzi nilisema "mume wa Dada" kwa bahati mbaya, akaniambia, "Mume hukaa na mgonjwa. Yule alikaa na mabarafu yake." Nilinyamaza. Samahani kwa kunyamaza.

Kula vizuri.

Shemeji yako wa miwani


2 Machi

Shemeji,

Si uchovu. Amekuja tena, na tena. Kila siku alasiri, nikitoka zamu. Nikiwasha mashine namkuta amekwisha fika, kengele inalia.

Nitakwambia kitu, usicheke. Siku za mwanzo alikuwa kama amesahau. Alikimbilia njia isiyo na adui, akajenga mnara ukitazama nyuma, akadumbukia kisimani mwenyewe. Nilimwonyesha taratibu, kama yeye alivyonionyesha mimi tulipooana. Nikajisemea, huko alikotoka ni mbali, lazima mikono iwe mizito. Sasa amekuwa hodari. Ana subira asiyokuwa nayo zamani. Mnara wangu ukibomoka anaacha wa kwake anakuja kunisaidia. Nikimaliza naongea naye kwa sauti, peke yangu chumbani, namweleza mambo ya siku nzima. Jirani amehamisha redio yake upande wa pili wa nyumba.

Najua unavyosikia ukisoma haya. Najua.

Ila kuna jambo limenitisha. Juzi niliipeleka mashine kazini. Zamu yangu ilikuwa ndefu, nikaona atanisubiri bure. Nikakaa chumba cha mitambo, spika za masikioni nimevaa. Kumbe mpakiaji mmoja, tunamwita Kijeba, mlango wa chumba cha kugandisha ulimfungia ndani. Akagonga. Kengele ya dharura ikalia, nami nikidhani ni kengele ya Chiriku, nikawa namjibu kwa kupunga mkono. Aliyemfungulia ni mfagiaji aliyekuwa anapita. Walimtoa midomo imebadilika rangi, vidole havikunjiki. Ni mzima, anafanya kazi, lakini akipishana na mimi haniangalii.

Msimamizi ameniita. "Fundi," akasema, "ungekuwa umelewa ningekuelewa." Ningemwambia nini, nilikuwa na mke wangu?

Fungua hilo sanduku, Shemeji. Nakuomba. Likiwa na mashine, nitajua nimepagawa na nitatafuta msaada. Likiwa tupu, sijui.

Fundi


11 Machi

Shemeji,

Kaa chini kwanza ndipo usome.

Jana mashine yetu ya kusagia vioo iliharibika, tukafunga duka mapema. Nimefika nyumbani nikasema leo nitaonana na sanduku. Nikasukuma mlango wa Dada. Mama alikuwa ameketi kitandani, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua, vidole gumba vinakwenda kama enzi zile anashona sare za shule. Hakushtuka hata kidogo.

"Funga mlango," akasema. "Wimbi la mwisho linakuja."

Nikafunga. Nikasimama kama kijiti. Kwenye kioo nikaona minara, tope, na mtu mwenye kofia ya bluu anakimbia na nyundo.

"Mama, unafanya nini?"

"Nacheza."

"Na nani?"

"Na huyu, rafiki wa dada yako." Alisema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu msiba. "Dada yako alipokuwa amelala hapa, kila siku huyu alikuja. Kila siku, hata siku zile mwanangu hawezi kuinua kichwa. Nilimuuliza ni nani, akacheka, akasema ni mtu asiyenichoka. Unaona? Mgeni, hata sura yake hatuijui, na alikuwa naye kuliko mume wake."

Shemeji, mimi ndiye niliyekuletea maneno ya Mama wakati ule, kwamba simu zako zinampandishia Dada homa, usipige tena. Kumbe mlikuwa mmepata njia. Hakuniambia hata mimi. Mlikuwa mnakutana kila siku mbele ya macho ya Mama na Mama hajui.

Na sasa mnakutana wewe na Mama. Ule mnara wa mti mkavu ni kwa sababu Mama alimwona Dada akiujenga, anadhani ndiyo desturi ya gemu.

Sikumwambia. Nilishindwa. Uso wake ulikuwa umechangamka, nikaona nikifungua mdomo nitamnyang'anya mtu mwingine. Na wewe usifanye chochote mpaka nijue la kufanya.

Pole. Sijui pole ya nini hasa, lakini pole.

Shemeji yako


19 Machi

Shemeji,

Afadhali ungeniacha nipagawe.

Nilikuomba ufungue sanduku, kwa hiyo lawama si yako. Lakini tangu barua yako nimekuwa kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba kwa mara ya pili, na safari hii hakuna mazishi ya kwenda.

Ngoja nikueleze kwa nini niliamini upesi vile. Siku ile aliyofariki tulikuwa tunacheza. Hujui. Hakuna anayejua. Wimbi lilikuwa kubwa, nami nikamwona amesimama katikati ya njia, hatikisiki. Nikapiga kengele. Hajibu. Nikasema wamemwinua anywe dawa, atarudi. Kwa hiyo nikaacha kisima, nikaenda kusimama naye. Yale madude yakija kwake nayapiga, yakija upande mwingine nayapiga, minara yote ilianguka mimi namzunguka yeye tu. Nilishangilia, Shemeji. Wimbi lilipokwisha alikuwa bado amesimama, hajaguswa, nikacheka peke yangu kwa raha. Halafu akatoweka. Halafu ukanipigia simu.

Sasa mtu huyo anaporudi langoni na kupunga mkono, ungeamini nini? Mimi niliamini amekuja kumalizia.

Kumbe ni Mama. Mama aliyenigeuzia mgongo makaburini, nimenyoosha mkono wa rambirambi ukabaki hewani watu wanatazama. Nimekuwa nikimweleza siri zangu. Nimemwita mpenzi, kwa sauti, ndani ya chumba changu. Uso wangu nauweka wapi?

Mashine nimeifunga kwenye kitambaa, nimeitia chini ya sanduku la vifaa, chini ya spana na mipira ya gesi. Sitaiwasha tena. Mwambie Mama rafiki amehama.

Usinijibu haraka.

Fundi


6 Aprili

Shemeji,

Sikukujibu haraka, kama ulivyotaka. Lakini sasa siwezi kungoja.

Mama anakungoja. Kila alasiri anaingia mle, anawasha, anasimama langoni na kupiga kengele. Nyumba nzima tunaisikia, ting, ting, kama mtu aliyefungiwa nje. Chakula anagusa tu. Siku moja alitoka akaniambia, "Huyu naye kaondoka." Siku iliyofuata akasema, "Labda anaumwa. Labda hana mtu wa kumwangalia." Siku nyingine nikamkuta amelala na mashine kifuani, kioo kinawaka, nikapiga kelele mpaka jirani akaja mbio. Kumbe amesinzia. Alivyonitazama nilijua na yeye amekumbuka kilekile nilichokumbuka.

Ndipo nikamwambia.

Nilikaa sakafuni, nikashika magoti yake. "Mama, Kofia ni mume wa Dada."

"Kofia gani?"

"Huyo. Mwenye kofia ya bluu. Ndiye yeye tangu mwanzo. Ulipokataza simu ndiyo wakawa wanaonana humo."

Aliondoa mikono yangu taratibu, kidole kimoja kimoja, akatoka nje. Nilimwona dirishani anaanua nguo kwenye kamba. Alizianua zote, akazitazama, akaanza kuzianika upya. Zilikuwa zimekauka tangu asubuhi.

Hajazungumza na mimi tangu siku hiyo isipokuwa kuniuliza chumvi. Leo asubuhi ameomba anwani yako. Nimempa. Sijui anaandika nini na naogopa.

Shemeji yako


15 Aprili

Kwa mume wa mwanangu,

Barua hii naandika mwenyewe. Mwandiko utauvumilia, mkono wangu umezoea sindano.

Nimesikia niliyoambiwa. Nilikaa nayo siku nyingi maana sikujua niyaweke wapi. Nilikuwa na mtu wa kumlaumu na mtu wa kumshukuru, kila mmoja mahali pake, nikaweza kulala. Sasa ni mtu mmoja. Umenivuruga.

Nataka ujue nilivyoanza huo mchezo, usije ukafikiri nilikuwa nikijifurahisha na vitu vya marehemu.

Siku ile nilikuwa naye chumbani, nashona pindo la kanga, yeye yuko kitandani anacheza. Nikasikia vile vitufe vimenyamaza. Nilidhani amelala. Nilipoinuka kumfunika nikaona. Mashine ilikuwa kifuani, inawaka. Mimi sikulia kwanza. Macho yangu yalikwenda kwenye kile kioo. Mtu wake amesimama tu, amezungukwa, na yule mwenye kofia ya bluu anamzunguka na nyundo, anapigana peke yake. Minara inaanguka, haendi kuijenga. Hamwachi. Nikamwambia, kwa mdomo wangu, "Baba, acha, amekwenda." Hakunisikia, angenisikiaje. Akaendelea. Mpaka kikazimika chenyewe, nilikuwa bado nimesimama pale, hata macho ya mwanangu sijayafunga.

Baada ya mazishi nikawa namfikiria. Nikasema, sisi tumezika, tumelia, watu wamekuja na kutupa pole. Yule hakuna aliyemwambia. Yuko mahali anangoja. Nilitaka kumpa habari. Nikatafuta chaja, nikamwomba binti wa jirani anionyeshe pa kubonyeza. Kumbe humo hakuna maneno, kuna kengele tu. Nikaona kama siwezi kumwambia, basi angalau asikute mahali pake ni patupu.

Ndiyo hivyo. Nilikugeuzia mgongo pale makaburini, watu wakaona, halafu nikarudi nyumbani kujifunza mchezo kwa ajili yako. Hata sasa nikifikiria nashindwa kucheka na kulia nashindwa.

Sijakuandikia kukuomba kitu. Nataka kuuliza. Wewe ulikuwa unamwona kwa upande wako. Kabla mtu wake hajasimama vile, alifanya nini? Mimi nilikuwa nimeinamia sindano, sikuona. Niambie, hata kama ni kidogo.

Mama yake


22 Aprili

Shikamoo Mama,

Nimeisoma barua yako kazini, ndani ya ghala, kwa sababu huko machozi mtu huweza kusingizia baridi. Kijeba alinikuta. Alinishika bega akapita, mara ya kwanza tangu yale yaliyompata.

Nakujibu ulichouliza. Kabla hajasimama alikuwa upande wa kulia, anarekebisha mnara. Aliumaliza. Kisha akatembea kuja kwangu, polepole, si mwendo wake. Nilipomtazama akapunga mkono. Mimi nilikuwa na shughuli, nikafikiri anataka nimpe nafasi, sikumpungia. Akasimama. Basi. Ni hicho tu ninacho, na sijawahi kukigawana na mtu.

Hakuonekana kama anaogopa, Mama. Nisingekudanganya kwa hili.

Kuhusu kutokuja, sitajitetea. Nilikuwa mbali, na ugonjwa ulikwenda mbio ukaniacha nyuma. Wewe ulimgeuza, ukamwosha, ukamlisha. Mimi nilimpigia kengele. Nilipokuwa nikidhani nimemlinda, wewe ndiye uliyekuwa unamfunika.

Mashine nimeitoa chini ya vifaa. Sijaiwasha. Naona aibu kukuta jina lake langoni na kujua ni wewe, na naona uchungu nikifikiria nisilikute. Msimamizi amenipa likizo, nadhani anafurahi kunipumzisha. Nataka kuja, nikae hapo siku chache, nione alipolala. Kama bado ni mapema niambie, nitaelewa. Sitafika bila ruhusa yako.

Mkweo,
Fundi


28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba.

Alipunga mkono. Nimeusoma mstari huo mpaka karatasi imelegea. Nashukuru.

Njoo. Utalala sebuleni, mdogo wake ameshatafuta godoro. Chumbani kwake tutaingia pamoja, mimi nikiwepo, maana peke yako pale patakuelemea. Mashine yako ije au isije, utaamua mwenyewe. Yangu betri imejaa.

Jambo moja nikuonye, usije ukashtuka ukakimbia. Alasiri nikiwa jikoni huwa namwita mkeo. Sikusudii, mdomo unatangulia, namwita kwa jina lake kamili aje anishikie sufuria, na nikishamwita nyumba inakuwa kimya kiasi kwamba nasikia maji yakichemka. Mdogo wake hujifanya hajasikia, masikini, anaona ndiyo heshima.

Wewe ukiwepo na ukanisikia nimeita, itika.

Mama